Pasha mikono kwanza ndo ushike mapigo

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi nasoma tiba ya Kichina Nanjing, mwaka wa nne, kwetu Tanga, sa hivi niko fildi kitengo cha sindano, zile nyembamba zinazochomwa kwenye pointi za mwili na kuachwa kwa muda, sio za dawa. Asubuhi moja mwalimu anaona watu wengi sana, dakika mbili tatu kwa mmoja anahamia kwa mwingine. Wiki iliyopita kuna babu kapooza upande mmoja na kauli imekata, nikiwa namchoma sindano akaanza kulia, machozi tu hana sauti, nikashindwa nikatoka nje nikalia na mimi. Mwenzangu akaniambia utazoea. Sasa nauliza, nisipozoea nitafaa kweli kazi hii? Na nikizoea si ndo nitakuwa na roho ngumu? Na nikirudi nyumbani, wale watakaoniamini mimi kuliko hospitali nitawafanyaje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimelisoma usiku nikalala nalo, asubuhi nikaanza kukujibu kabla foleni haijajaa, ikajaa, nikaendelea mchana, kwa hiyo usishangae nikirukaruka.

Kulia sio kosa. Mimi dada yako nimelia kwenye ngazi za hospitali za huko zaidi ya mara moja. Lakini naomba nikuulize kitu na usikichukue kama lawama: ulipotoka nje, babu alibaki na nani? Sindano ziko mwilini, machozi yanatoka, kauli hana ya kukuita, mkono mmoja haunyanyuki, na mtu aliyekuwa anamshika kaondoka ghafla. Hajui umeenda kulia. Labda kaona amekuudhi. Huruma uliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli kabisa ila babu haikumfikia, iliishia kwako mwenyewe, na kazi yetu sisi ni kuifikisha.

Nitakupa stori yangu ambayo mpaka leo siipendi. Nilikuwa fildi kama wewe, hospitali moja kubwa, majira ya baridi. Bibi mmoja alikuwa anakuja kwa ajili ya goti. Siku hiyo akaniambia miguu imemganda, roho ikaniuma maana nilimkumbuka bibi yangu, nikaivuta ile taa ya joto ya kichwa cha duara nikaisogeza karibu na nyayo zake nikamfunika blanketi vizuri nikaenda kwa wengine. Alinishukuru sana. Nusu saa baadaye narudi kutoa sindano nakuta lengelenge kubwa kwenye kidole gumba na yeye hana habari, ananitabasamia. Bibi alikuwa na kisukari miaka mingi, miguu ina ganzi, ile "imeganda" haikuwa baridi ya hewa, ni mishipa ya fahamu iliyochoka. Kwenye faili iliandikwa. Sikusoma faili, na yeye sikumuuliza. Kidonda kile kilichukua wiki nyingi, na kidonda cha mguu kwa mtu wa kisukari unajua kinaweza kuishia wapi.

Mdogo wangu, kilichomchoma yule bibi ni huruma yangu. Kama nisingemwonea huruma taa ningeiacha palepale ilipokuwa. Kwetu wanasema mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji ni sawa kabisa, ila kwenye taa na sindano na dawa mgonjwa anaulizwa, tena anaulizwa mara mbili, na faili linasomwa hata kama una watu thelathini wanakusubiri nyuma ya mapazia.

Sasa Sun Simiao. Najua mlimkariri mwaka wa kwanza mkafanyia mtihani mkamsahau, mimi nilimsahau hivyohivyo. Daktari wa Kichina wa enzi za Tang, kitabu chake kikubwa alikikamilisha mwaka 652, na mle ndani kuna sura fupi kuhusu daktari anatakiwa aweje. Kichwa cha sura kina maneno mawili ambayo ndo yote: jing na cheng. Jing ni ustadi uliokazwa mpaka mwisho, cheng ni unyoofu wa moyo. Wengi wanaikimbilia sehemu ya huruma, ile inayosema tajiri na maskini, mzee na mtoto, adui na rafiki, mwenyeji na mgeni, wote uwaone kama ndugu zako wa damu. Nzuri sana. Ila angalia alivyopanga. Kabla hajafika huko kaanza na ugumu wa hii elimu, kawasema wale wanaosoma maandiko ya dawa miaka mitatu wakadhani hakuna ugonjwa utakaowashinda, wakitibu miaka mitatu ndo wanagundua hakuna dawa ya kuandika kirahisi. Na hata alipofika kwenye huruma, kitu cha kwanza anachomwambia daktari ni atulize roho yake na akusanye nia yake, ndipo huruma iamshwe. Kutulia kwanza. Mimi nilidhani ni mapambo ya maneno mpaka siku ya lile lengelenge.

Na kuna jambo lake jingine ambalo naona walimu hawalisemi vya kutosha. Alitibu wagonjwa wa ukoma, watu ambao wengine walikuwa hawataki hata kuwasogelea, na kaandika mwenyewe kwamba waliopita mikononi mwake ni zaidi ya 600, kila mmoja kamhudumia mwenyewe, na waliopona ni mmoja katika kumi. Mmoja katika kumi! Mtu mwenye jina kubwa kiasi kile na kaandika hivyo bila kuficha. Nikirudi nyuma kwenye swali lako la nyumbani nitaihitaji hiyo hesabu kwa hiyo ishike.

Kuhusu dakika mbili tatu. Ni kweli inaumiza macho ukitoka kwetu ambako mganga anakaa na mtu nusu saa akimuuliza habari za ukoo mzima. Ila usimhukumu mwalimu wako haraka, mwangalie mikono. Mimi nilikuwa na mwalimu mama mtu mzima, haongei sana, anazunguka vitanda kama upepo, na wagonjwa walikuwa wanamgombania, nikawa sielewi kwa nini. Nikaanza kumwangalia vizuri. Kumbe kile kikombe chake cha maji ya moto anachotembea nacho hanywi tu, anakishika kwa mikono miwili kila anapotoka kitanda kimoja kwenda kingine, ili mikono isiwe ya baridi. Kabla ya sindano anaikandamiza sehemu kwa kidole gumba, taratibu, ngozi inajua kitu kinakuja. Akimfunua mtu mgongo anafunika kiuno. Anavuta pazia kabla ya kumwambia mtu avue, wengi wanafanya kinyume. Na anawaita "yeye" na "nainai", babu na bibi, kama sisi tunavyofanya, na ile "yeye" mwanzoni ilikuwa inanichanganya nadhani anamsema mtu mwingine. Yote hiyo haimwongezei hata dakika moja. Nikaelewa muda mfupi sio lazima uwe muda mkavu.

Afu mapigo ya mkono, yale tunayoshika kumpima mtu. Hapa nakuomba uwe mkaidi hata kama wenzako wanaharakisha. Zhang Zhongjing, daktari mwingine wa Kichina, mwishoni mwa enzi za Han, aliandika kwa uchungu kuhusu madaktari wa wakati wake wanaogusa mkono wa mgonjwa kidogo tu, hata mapigo 50 hawafikishi, wakaandika dawa. Na yule hakuwa anatoa nasaha za darasani. Ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, ndani ya miaka isiyofika kumi kuanzia 196 theluthi mbili walikufa, wengi wao kwa homa. Anaongea mtu aliyezika. Sasa piga hesabu, moyo ukidunda 70 kwa dakika mapigo 50 ni kama sekunde 43. Sekunde 43 umemshika mtu mkono umenyamaza, hushiki simu, humwangalii mwenzako, umeelekea kwake tu. Kwa wazee wengi ninaowaona mimi hapa, hakuna mtu mwingine atakayewashika mkono kwa utulivu hivyo siku hiyo nzima. Mapigo yatakuambia yatakayokuambia, lakini kushikwa vile peke yake ni sehemu ya tiba na mimi hilo siwezi kubishana na mtu.

Na simu naomba niiseme wazi. Sun Simiao aliandika kwamba ukiingia nyumba ya mgonjwa, hata kama kuna hariri na muziki na vyakula vizuri, usivifurahie, maana mtu mmoja akiwa na maumivu kwenye kona, chumba kizima hakina raha. Hariri ya leo ni simu. Mtu yuko na sindano kumi na mbili mwilini anakuona unacheka na kioo. Iache kwenye koti.

Turudi kwa babu yako maana yeye ndo mwenye swali. Mtu aliyepata kiharusi kauli ikakata, mara nyingi anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani, na wanamwongelea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Mke anaulizwa "amelala vizuri?" na yeye yuko palepale na masikio yake. Ongea naye yeye. Maswali ya ndio na hapana, abane mkono wako mara moja kwa ndio mara mbili kwa hapana, kwa ule mkono mzima, afu usubiri, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo maana maneno yanachelewa kufika kwake. Simama upande anaouona, wengine kiharusi kinawakata na nusu ya macho. Upande uliopooza hauhisi vizuri, ile hisia ya dechi tunayoisubiri, ule uzito na ganzi kidogo sindano ikikaa mahali pake, huenda hawezi kukuambia, kwa hiyo macho yako yawe usoni kwake sio kwenye sindano. Na taa ya joto, nimeshakuambia.

Kuhusu machozi yake kuna mambo mawili na inabidi uyajue yote. Kuna wagonjwa wa kiharusi wanaolia au kucheka bila kujizuia kwa sababu ya ile sehemu ya ubongo iliyoumia, hata huzuni yenyewe haipo au ni ndogo. Na kuna wanaolia kwa sababu wamehuzunika kweli, sonona baada ya kiharusi ni kitu cha kawaida sana na kina tiba, mwambie mwalimu wako iandikwe na daktari wa mishipa ya fahamu amwone, usiiache kwa sindano peke yake. Au sindano ilimuuma tu! Hiyo nayo ipo. Hutajua ni lipi mpaka umuulize, na ulitoka nje.

Jambo dogo lakini wengi linawaumbua: mtu wa mara ya kwanza, mwoga, hajala, amekaa kwenye kiti, unamchoma anazimia. Muulize kama amekula, mlaze. Akianza kutoka jasho la baridi na kubadilika rangi toa sindano zote mara moja, miguu juu, kaa naye. Na za mgongo wa juu na kifua ulalo na kina vifuate ulivyofundishwa, pafu likitobolewa haliombwi radhi.

Haya, nyumbani. Hapa ndo nina maneno mengi.

Watu wetu sio wageni na tiba hii. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar katikati ya miaka ya 1960, bara 1968, na tangu 1987 pale Muhimbili kulikuwa na ushirikiano wa kuwatibu watu wa virusi vya ukimwi kwa dawa za mitishamba ya Kichina, kipindi ambacho ARV hazijafika kwetu. Na pwani watu wanaijua hijama, ukiwawekea vikombe mgongoni wala hawashangai, watakusahihisha. Kwa hiyo wanakuja na imani tayari. Imani hiyo ni amana na inaweza kuua.

Atakuja mama ana kisukari, atakuambia dokta nimechoka na vidonge, nataka hizi za asili. Atakuja mwingine presha iko juu kaacha dawa wiki mbili kwa sababu kaambiwa na mtu zinaharibu figo. Atakuja dada ana uvimbe kwenye titi, anaogopa kisu, anataka majani. Na utawaonea huruma, wanakuangalia kwa macho ya kuomba, na njia rahisi kabisa ya kuwafurahisha ni kukubali. Usikubali. Dawa za hospitali haziachwi kwangu, hilo nalisema dakika ya kwanza, ukitaka nikusaidie usingizi, maumivu, kichefuchefu, ganzi, karibu sana, ila insulini inaendelea, ARV inaendelea, na wewe dada mwenye uvimbe unaenda kupimwa wiki hii, nakuandikia barua na nitakupigia Ijumaa kujua umeenda. Na nampigia kweli. Kumpa tu barua bila kumfuatilia naona ni kumfukuza kwa adabu.

Na hayo majani yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Ubelgiji kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina, ndani ya mchanganyiko mzizi mmoja ukawa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, wa jamii ya aristolokia, figo zikafa, baadaye wengine wakakutwa na saratani ya njia ya mkojo. Waliotoa hawakuwa na nia mbaya. Majina mawili yanafanana, basi. Dansheni, ule mzizi tunaoupenda kwa moyo, ukimpa mtu anayetumia warfarini, dawa ya hospitali ya kuzuia damu kuganda, damu inaweza kukataa kuganda kabisa. Fuzi, mzizi wenye sumu, isipoandaliwa na kuchemshwa vya kutosha inaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote mwambie amwage mkoba wake mezani, vidonge vyote, na vile vya jirani, na ile mizizi aliyopewa na shangazi, aitoe bila kuogopa kusemwa. Asipoogopa ndo atakuonyesha.

Usiwaseme vibaya madaktari wa hospitali ili wewe uonekane. Hili nalo Sun Simiao alilikataza, kujisifu na kuwaponda wenzako, na sababu ya kwetu ni rahisi: ukimwambia mgonjwa "hospitali wamekudanganya" umemfungia mlango atakaouhitaji usiku wa manane wewe ukiwa umelala.

Na hapa ndo inaingia ile moja katika kumi. Waambie watu ukweli wa kazi yako. Mimi namwambia mtu: tutafanya mara sita, tukifika mara ya sita tukakaa tukapima, hakuna badiliko tunaacha, sichukui tena pesa yako. Siuzi kifurushi cha mara thelathini mtu analipa mbele. Najua wapo wanaofanya hivyo na wanajenga nyumba. Bei naitaja kabla hajavua viatu. Hutaweza kumtibu kila mtu bure, pango litakushinda, ila kumbuka Sun Simiao alivyokuwa mtoto aliugua mpaka mali ya kwao ikaisha kwa kununua dawa, anayetibu anaweza kuwa ndo anayemaliza familia ya mtu. Kuna ile hadithi ya Dong Feng, daktari wa kale wa mlima Lushan huko China, hachukui pesa, aliyepona ugonjwa mzito anapanda miti mitano ya aprikoti, mwepesi mti mmoja, ukawa msitu, matunda yanabadilishwa kwa nafaka za maskini. Mimi sina mlima, nina siku moja kwa wiki ambayo anayeweza analipa na asiyeweza halipi na hatuulizani. Siku hiyo huwa inajaa ajabu na nikitoka nimechoka lakini sijawahi kuijutia.

Na usajili, tafadhali. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002 na baraza lake lipo, nenda ukajiandikishe kabla ya kufungua mlango. Mgonjwa awe na mahali pa kukushtaki ukimuumiza.

Nimekumbuka kitu cha Tu Youyou, yule mama mtafiti wa Kichina aliyepata tuzo ya Nobeli 2015. Unajua yale mafanikio yake ndo dawa ya mseto tunayomeza sisi tukipata malaria, kila familia Tanga imeshaimeza. Alipata fununu kwenye andiko la zamani mno la Ge Hong, mtabibu wa kale wa Kichina, linalosema majani yalowekwe kwenye maji yakamuliwe, hayachemshwi, akabadilisha namna ya kuitoa dawa isiharibiwe na moto. Lakini kabla ya kumpa mgonjwa, mwaka 1972, yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kwanza kuona kama ni salama. Hicho kitendo huwa nakifikiria sana. Sikwambii unywe dawa hovyo, leo kuna taratibu zake, ila sindano unaweza. Sijawahi kumchoma mtu pointi ambayo mwenyewe sijachomwa. Ile ya katikati ya pua na mdomo, sikujua inauma namna ile mpaka nilipochomwa mimi, na tangu hapo nikiifikia namwambia mtu, hii itauma, hesabu tatu na mimi.

Utazoea au hutazoea? Utazoea harufu, utazoea vidonda, utazoea watu kupiga kelele, na ni vizuri uzoee, mkono unaotetemeka unaumiza. Mtu mwenyewe ndo usimzoee, kila mmoja ni wa mara ya kwanza kupooza. Ukiona umeanza kuwaita kwa namba ya kitanda, ukimwita mtu "goti la dirishani", hapo umechoka, omba likizo ulale, wapigie simu nyumbani. Mimi nilifika huko mwaka wangu wa pili kazini na nilikuwa nalala masaa manne tu kwa siku, haikuwa roho ngumu, ilikuwa usingizi.

Kesho nenda mapema kabla mwalimu hajaanza mzunguko. Chukua kikombe chako cha maji ya moto, pasha mikono. Simama upande anaouona, msalimie, mwambie juzi niliondoka haikuwa sababu yako. Hata Kichina chako kikikwama mwambie hivyohivyo. Halafu umpe mkono wako kwenye ule mkono wake mzima umuulize: sindano iliuma? Subiri mpaka kumi. Afu uniandikie amebana mara ngapi.